Kutoka Wodini hadi Jaridani: Uandishi wa Kitabibu katika Masasi na Newala tangu Homa ya 1952 hadi Enzi ya VVU

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna maarifa ya wahudumu wa afya wa Masasi na Newala yalivyogeuka, au yalivyoshindwa kugeuka, kuwa makala katika majarida ya kitaaluma. Inaanza na maandishi ya wamisionari wa UMCA, inapitia makala za mwaka 1955 kuhusu mlipuko wa homa uliolipatia tiba ya dunia jina la Kimakonde, kisha inafikia kliniki za VVU za karne ya 21, ambako muuguzi ndiye mwandishi mkuu wa kumbukumbu za kila siku. Hoja ya msingi ni kwamba kikwazo cha muuguzi wa eneo hili kufika jaridani hakijawahi kuwa uhaba wa maarifa. Kikwazo ni kukosekana kwa ngazi za katikati, yaani nafasi ya kuuliza swali, kumiliki takwimu, kuandika rasimu na kutia saini. Insha inaonesha pia kwamba kanuni za sasa za uandishi, ambazo mara nyingi huonekana kama ukuta, zina kipengele kinachoweza kumtetea muuguzi iwapo kitafuatwa kwa dhati.

1.0 Utangulizi

Masasi imekaa chini ya milima yake ya mawe, magharibi ya uwanda wa juu wa Makonde. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda huo, ikitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Mtwara zimeunganishwa kwa muda mrefu na biashara, ndoa, jando na unyago, kilimo cha korosho na huduma za hospitali za misheni na za serikali. Katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki eneo hili hutajwa mara chache, na linapotajwa huwa ni mahali ambapo ugonjwa ulitokea. Kwamba hapo pia watu waliuona ugonjwa huo, wakautaja kwa jina na kuuandika, ni jambo linalosahauliwa.

Usahaulifu huo ndio msingi wa insha hii. Jarida la kitaaluma ni mahali ambapo jambo lililoonwa na watu wachache hugeuka kuwa jambo linalojulikana kwa wote. Lisilochapishwa linaweza kuwa kweli na likaokoa maisha katika wodi moja, lakini haliingii katika miongozo ya tiba, mitaala wala bajeti. Kwa hiyo swali la nani hupeleka mswada jaridani, na kwa jina la nani, ni swali la kihistoria na la kimamlaka kwa wakati mmoja.

Insha imetegemea maandiko yaliyochapishwa na kanuni za wazi za uchapishaji na utafiti. Neno "mswada" limetumika kwa maana ya andiko lililokamilika ambalo bado halijakubaliwa na mhariri. "Muuguzi" limetumika kwa wauguzi na wakunga wa ngazi zote.

2.0 Misheni, barua na vitabu

Uandishi kuhusu afya ulifika Masasi pamoja na misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar na kuanzisha makazi Masasi. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni waliojulikana kama Magwangwara, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala. Tangu siku hizo za mwanzo wamisionari waliandika barua. Nyingi zilitengenezwa kuwa habari za jarida la misheni hiyo, *Central Africa*, lililoanza kutolewa mwaka 1883 kwa ajili ya wafadhili wa Uingereza.

Aina hiyo ya uandishi ilikuwa na lengo lake. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mwumini wa Uingereza ambaye angetoa fedha za dawa na vitanda. Mgonjwa alionekana humo kama ushahidi wa uhitaji, na muuguzi kama ushahidi wa kujitoa. Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1981 kuhusu tiba ya kimisionari kusini-mashariki mwa Tanzania kati ya 1900 na 1945, alionesha kwamba kazi hiyo ilijaa utata: wamisionari walitaka tiba iwe chombo cha imani, ilhali wenyeji waliichagua, waliipima na kuitumia kwa sababu zao wenyewe. Utata huo unahusu pia maandishi. Barua ya misheni ilibeba maarifa mengi ya kweli kuhusu magonjwa ya eneo hili, lakini maarifa hayo yalipangwa kwa mahitaji ya msomaji wa mbali.

Hatua ya pili ilikuwa kitabu. Daktari Leader Stirling alifika katika dayosisi ya Masasi mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi na kuwafundisha uuguzi vijana wa eneo hilo. Baadaye alihamia Mnero, akawa raia wa Tanzania, mbunge, na Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Vitabu vyake, *Bush Doctor* cha mwaka 1947 na *Tanzanian Doctor* cha mwaka 1977, ni kumbukumbu ya thamani kuhusu upasuaji na uuguzi katika mazingira ya uhaba. Pamoja na hayo, ni vitabu vya daktari. Wauguzi waliomshikia taa, waliochemsha vyombo na waliokesha na wagonjwa wamo ndani yake kama watu wanaosimuliwa. Kalamu haikuwa mikononi mwao.

Mpangilio huu haukuwa wa Masasi peke yake. Hospitali nyingi za kikoloni ziligawa kazi kwa namna hiyo: muuguzi huandika chati na daktari huandika kitabu. Chati ilihifadhi joto la mwili, mapigo na dawa zilizotolewa, ikamaliza kazi yake mgonjwa alipotoka au alipofariki. Kitabu kilihifadhi maana. Tofauti ya chati na kitabu ndiyo itakayofuatiliwa katika sehemu zinazofuata.

3.0 Homa ya 1952–53 na jina lililosafiri

Mwaka 1952 na 1953 mlipuko wa homa usiojulikana uliwapata watu wa uwanda wa juu wa Makonde na maeneo jirani. Mgonjwa alishikwa ghafla na homa kali pamoja na maumivu makubwa ya viungo, mara nyingi akapata upele. Maumivu hayo yaliweza kumkunja mwili asiweze kusimama wima. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja au kupinda: chikungunya.

Mwaka 1955 makala mbili kuhusu mlipuko huo zilitoka pamoja katika jarida la Chama cha Kifalme cha Tiba ya Kitropiki cha London. Ya kwanza, iliyoandikwa na daktari Marion Robinson, ilieleza dalili za ugonjwa kama zilivyoonekana kwa wagonjwa. Ya pili, ya W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, ilieleza kuenea kwa ugonjwa, mazingira na mbu. Mwaka 1956 R. W. Ross alichapisha matokeo ya kutengwa kwa kirusi chenyewe. Kwa makala hizo tatu ugonjwa wa vijiji vya Newala uliingia katika elimu ya dunia.

Mambo matatu katika tukio hili yanastahili kuzingatiwa na mtafiti wa historia ya uandishi wa kitabibu.

Kwanza, thamani ya makala ya dalili ilitokana na ukaribu. Maabara ya Entebbe ingeweza kukitenga kirusi, lakini isingeweza kueleza jinsi mgonjwa alivyoshikwa, maumivu yalivyohama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na muda aliokaa bila kufanya kazi. Maelezo ya namna hiyo hutolewa na mtu aliyekaa na wagonjwa kwa siku nyingi. Ndiyo maana makala ile ya mwaka 1955 bado hutajwa na watafiti.

Pili, jambo lililoeleza mlipuko lilikuwa jambo la nyumbani. Uwanda wa juu wa Makonde una uhaba mkubwa wa maji ya juu ya ardhi, na kwa vizazi vingi wanawake wameshuka mabondeni kuyachota. Maji yakishapatikana kwa jasho namna hiyo huhifadhiwa ndani ya vyombo kwa siku kadhaa. Mbu aina ya *Aedes aegypti* huzaliana katika maji yaliyotuama ya majumbani. Uhusiano wa mtungi, mbu na homa ulihitaji mtafiti wa wadudu ili uthibitishwe, lakini ukweli wa mtungi ulijulikana na kila mwanamke wa Newala na kila muuguzi aliyemtembelea mgonjwa nyumbani.

Tatu, jina lilisafiri bila wenyewe. Kila makala ilikuwa na jina moja la mwandishi. Neno la Kimakonde lilipewa nafasi ya heshima, lakini waliolitamka mbele ya daktari hawakutajwa kwa majina, wala wauguzi na wakalimani waliolieleza. Baadaye waandishi wengine waliliita neno la Kiswahili, kosa dogo linaloonesha jinsi chanzo kinavyofifia safari inapokuwa ndefu. Kirusi hicho kilipolipuka upya Lamu mwaka 2004, kikafika Komoro mwaka 2005 na kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, watu wengi wa Afrika Mashariki walilisikia neno hilo redioni kama jina la ugonjwa mgeni. Neno lilikuwa limerudi nyumbani likiwa halitambuliki.

Si haki kumlaumu mtu wa mwaka 1955 kwa kanuni za leo. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti lilitolewa mwaka 1964, na viwango vya pamoja vya uandishi vilikuja baadaye zaidi. Hata hivyo, mlipuko ule unatupatia kipimo: unaonesha kwamba mambo yaliyoonwa wodini katika eneo hili yanaweza kubeba uzito wa kimataifa, na unaonesha kwa nani uzito huo uliandikwa.

4.0 VVU na wino wa muuguzi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, upande wa pili kabisa wa nchi ukilinganisha na Masasi. Kabla ya muongo huo kwisha ugonjwa ulikuwa umeripotiwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Katika miaka hiyo hapakuwa na dawa za kufubaza virusi kwa mwananchi wa kawaida. Uuguzi ndio uliokuwa tiba: kusafisha vidonda, kupunguza maumivu, kulisha, kusikiliza, kuwafundisha ndugu namna ya kumhudumia mgonjwa bila hofu. Muuguzi alikuwa karibu na ugonjwa huu kuliko kada nyingine yoyote.

Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Kwa historia ya eneo hili tamko hilo lina maana ya ziada, kwa kuwa Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, na aliwahi kuwa mhariri wa magazeti. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, iliundwa baada ya hapo. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa taifa wa tiba na matunzo ulianza kutoa dawa bila malipo. Mwaka 2006 ulianzishwa mfuko uliobeba jina la Mkapa, ambao miongoni mwa kazi zake ni kupeleka watumishi wa afya katika wilaya zenye upungufu.

Tiba hiyo ilileta mapinduzi ya kimaandishi ambayo wanahistoria hawajayapa uzito wa kutosha. Kliniki ya Tiba na Matunzo, CTC, huendeshwa kwa karatasi na tarakilishi. Mteja hubeba kadi yake, na kituo hubaki na jalada lake. Kila hudhurio huandikwa uzito, hali ya afya, dawa, ufuasi wa dawa na tarehe ya kurudi. Vitabu vya MTUHA hukusanya hesabu za kituo na kuzipeleka wilayani, mkoani na wizarani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na muuguzi. Kwa kipimo cha wingi wa maneno na tarakimu, inawezekana kabisa kwamba hakuna kada iliyoandika zaidi kuhusu VVU nchini kuliko wauguzi.

Lakini uandishi huo umebaki katika umbo la chati. Tarakimu hupanda ngazi na jina la aliyeziandika hubaki chini. Takwimu zinaporudi, hurudi kama shabaha ya kufikiwa, na mara chache kama swali la kujadiliwa. Maswali hata hivyo yako tele. Muuguzi wa Newala anaweza kujiuliza kama mahudhurio hubadilika msimu wa korosho, familia zinapohamia mashambani. Wa Masasi anaweza kujiuliza nini hutokea kwa mteja anayevuka Ruvuma kwenda kwa jamaa zake Msumbiji na kurudi baada ya miezi kadhaa. Mkunga anaweza kujiuliza ni kwa njia gani kungwi wa unyago, ambaye binti humsikiliza kuliko bango la ukutani, angeshirikishwa katika elimu ya kinga. Maswali haya huzaliwa mahali, na mtu wa mbali angehitaji miaka kuyafikia.

5.0 Milango ya jarida

Mwaka 1987 wauguzi wa Marekani waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa UKIMWI walianzisha chama chao, na mwishoni mwa muongo huo kikawa na jarida lake, *Journal of the Association of Nurses in AIDS Care*. Kuzaliwa kwa jarida hilo ni tukio la maana katika historia ya taaluma. Lilitamka kwamba matunzo ya mtu mwenye VVU ni uwanja wa elimu wenye maswali na mbinu zake, na kwamba muuguzi anaweza kuuandikia akiwa mwanataaluma kamili. Kwa kanuni, mlango huo uko wazi kwa muuguzi wa Masasi sawasawa na wa Chicago. Kwa vitendo, kuna milango mingine kadhaa ya kupita kabla ya kuufikia.

Mlango wa kwanza ni kibali. Nchini Tanzania utafiti wa afya unaohusu watu huhitaji idhini ya kimaadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya kitaifa ya maadili. Jarida nalo hudai mswada utaje idhini hiyo. Hapa ndipo miswada mingi inayotokana na kazi ya kawaida hukwama: muuguzi ameona jambo kwa miaka mitatu, amelihesabu kwa uaminifu, lakini hakuomba idhini kabla ya kuanza kuhesabu kwa nia ya utafiti. Maadili hayawezi kuombwa baada ya tendo. Kanuni hii ni ya haki, hasa katika wilaya ambamo kutaja kijiji, umri na kazi ya mgonjwa kunatosha kumtambulisha kwa majirani. Tatizo ni kwamba maarifa ya kuomba idhini hukaa vyuoni, ilhali maarifa ya ugonjwa hukaa kliniki.

Mlango wa pili ni umbo. Majarida hutaka mswada ufuate orodha za uwasilishaji zinazokubalika: kwa tafiti za mahojiano ipo orodha ya vipengele 32 iliyotolewa mwaka 2007, na kwa tafiti za uchunguzi wa takwimu ipo ya vipengele 22. Mswada hupitia tathmini ya wanataaluma wenza, na mwandishi hutakiwa kujibu kila hoja ya wasomaji hao, nukta kwa nukta. Ambaye hajawahi kuona barua ya namna hiyo huweza kudhani amekataliwa, wakati ameombwa tu kurekebisha. Ni elimu inayopatikana kwa kukaa karibu na mtu aliyekwisha kuipitia.

Mlango wa tatu ni lugha, na huu hauishii katika kujua Kiingereza. Chukua neno linalotumika sana katika kliniki zetu: "mtoro", yaani mteja aliyeacha kuhudhuria. Majarida ya fani hii hudai lugha inayomweka mtu mbele ya ugonjwa na isiyomhukumu. Katika mwambao wa karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Shuleni akawa mwanafunzi asiyehudhuria. Kliniki akawa mgonjwa. Masasi ya mwaka 1876 ilikuwa makazi ya watu waliotoka utumwani. Kwamba mjukuu wa eneo hilo huitwa mtoro kwa kuchelewa kuchukua dawa ni jambo linalostahili makala. Muuguzi anayetafsiri neno hilo kwa msamiati wa jarida hupata usemi safi usio na lawama, lakini hupoteza historia ambayo huenda ndiyo inayoeleza kwa nini mteja anaona aibu kurudi. Tafsiri bora ingeyabeba yote mawili: ingetumia lugha ya heshima kwa mteja, na ingelileta neno la kliniki mbele ya msomaji kama data. Makala za mwaka 1955 zilifanya hivyo kwa neno chikungunya. Hakuna sababu ya jarida la leo kukataa kufanyiwa hivyo.

Mlango wa nne ni saini, nao unahitaji sehemu yake.

6.0 Nani ni mwandishi?

Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu, ambayo chimbuko lake ni mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo, mpango, ukusanyaji, uchambuzi au ufafanuzi wa data, awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Asiyetimiza yote manne hutajwa katika shukrani.

Kwa juu juu, masharti haya yanamwondoa muuguzi wa kliniki. Yeye amekusanya data. Rasimu imeandikwa Dar es Salaam au ng'ambo. Toleo la mwisho hakuliona. Hivyo jina lake, likiwepo, huangukia katika shukrani. Wapo wanaosema kwamba hiyo ni haki, kwa sababu kukusanya pekee si kuandika, na kwamba kuongeza majina kwa huruma kunashusha hadhi ya jarida. Hoja hiyo ina nguvu. Jina la mwandishi ni dhamana, na anayetia saini bila kuelewa andiko anadhuru taaluma na wagonjwa kwa pamoja.

Lakini kanuni hiyo hiyo ina sehemu ya pili, ambayo husomwa mara chache. Inaelekeza kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Maana yake ni kwamba sharti la rasimu halikuwekwa ili litumike kumtoa mtu ambaye hakuitwa. Mradi unaochukua data ya muuguzi kwa miaka miwili, usimpelekee rasimu hata mara moja, kisha ukasema hakuandika, unaivunja kanuni unayodai kuifuata.

Hapa kipimo cha 1952–53 kinarudi. Wakati ule hapakuwa na kanuni ya kumwita msaidizi mezani, leo ipo. Wakati ule umbali kati ya wodi ya kusini na jarida la London ulikuwa wa meli na barua. Leo mswada hupakiwa mtandaoni, na tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umewezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ambayo zisingeweza kuyanunua. Kilichosalia ni mpangilio wa kazi. Muuguzi ambaye ratiba yake haina saa ya kusoma hataandika hata apewe majarida yote ya dunia.

Ngazi za katikati, kwa hiyo, zinaweza kutajwa kwa majina. Ya kwanza ni swali lililoandikwa kwa Kiswahili katika kikao cha kliniki, kabla data haijakusanywa. Ya pili ni mwombaji wa idhini aliye karibu, kwa mfano mkufunzi wa chuo cha uuguzi cha eneo. Ya tatu ni makubaliano ya maandishi, tangu mwanzo wa mradi, kuhusu nani atashiriki katika rasimu. Ya nne ni rasimu ya Kiswahili, itakayohakikiwa na wote kabla ya kwenda kwenye Kiingereza. Istilahi za kazi hiyo hazikosekani: wauguzi wenyewe huzungumza Kiswahili cha kitaaluma kila asubuhi wanapokabidhiana zamu.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba Masasi na Newala zimekuwa zikitoa maarifa ya kitabibu kwa zaidi ya karne moja, na kwamba umbo la maarifa hayo limebadilika kutoka barua hadi kitabu, kutoka kitabu hadi makala, na kutoka makala hadi jalada la kliniki. Katika kila hatua muuguzi alikuwepo, na katika kila hatua maneno yake yalipita katika kalamu ya mwingine. Homa ya 1952–53 inathibitisha kwamba ukaribu na mgonjwa ni sifa ya kielimu. VVU, ugonjwa wa maisha yote unaotunzwa na muuguzi mmoja kwa miaka mingi, unaifanya sifa hiyo kuwa ya lazima.

Kuna gharama katika kuchelewa. Wauguzi waliowahudumia wagonjwa kabla ya mwaka 2004, waliojua namna watu walivyokufa na namna walivyoishi bila dawa, wanastaafu. Maarifa yao hayamo katika MTUHA, kwa kuwa MTUHA haikuwauliza. Watafiti wa historia na wa uuguzi wana wajibu wa kwenda kwao sasa, kwa idhini na kwa ridhaa, na kukaa nao mezani rasimu inapoandikwa. Uwanda wa juu wa Makonde ulikwisha kuipa dunia neno moja bila kuulizwa. Yatakayofuata yatoke na majina ya walioyasema.